Limau usoni: samahani ambayo gazeti halikutaka kuichapa

Nimekuwa kimya kidogo hapa kibarazani. Wengine mmeuliza kama nimeoa au nimefukuzwa kazi. Yote mawili bado. Kuna jambo lilitokea kazini mwezi Februari, nikajaribu kulimaliza kwa njia za kiofisi, njia za kiofisi zimegoma. Kwa hiyo nalileta kwenu.

Mnajua kazi yangu ni habari za mahakama na halmashauri ya jiji. Ila kila Jumamosi gazeti letu lina ukurasa wa urembo, na dada aliyekuwa akiuandika aliacha kazi mwaka jana baada ya kudai malipo yake hadi akachoka. Tangu hapo ukurasa unaandikwa na yeyote atakayekutwa amekaa kitini Alhamisi jioni. Mara nyingi anayekutwa ni mimi, kijana mwenye ndevu za siku nne, ninayeoga na kunawa uso kwa sabuni ileile ya kipande.

Tusidanganyane, ukurasa ule unaandikwa hivi: unafungua intaneti, unatafuta makala ya Kiingereza iliyoandikiwa mwanamke anayeishi kwenye theluji, unaigeuza kwa Kiswahili, unaweka picha ya dada anayetabasamu, unakwenda nyumbani. Ndivyo nilivyoandika "Ifahamu ngozi yako". Nikagawa nyuso za Watanzania katika mafungu manne: ya mafuta, kavu, mchanganyiko na ya kawaida. Kwa wenye mafuta nikashauri wakamue limau, wachanganye na sukari, wasugue hadi sukari iyeyuke, waache robo saa, kila siku kwa wiki nzima. Nikamalizia kwa mbwembwe kwamba chunusi zitaaga zenyewe. Sijawahi kupaka limau usoni hata siku moja.

Wiki mbili baadaye dada wa mapokezi akanipigia simu kuwa nina mgeni. Nikakuta binti, mwanachuo, amejitanda mtandio hadi puani, ameshika faili. Ndani ya faili alikuwa amekata ukurasa wangu vizuri kwa mkasi. Akashusha mtandio. Mashavu yote mawili yalikuwa yameungua, ngozi inabanduka, na pembeni ambako palishaanza kupona pamekuwa peusi kama masizi. Nilijiandaa kutukanwa. Hakutukana. Aliniuliza, "Kaka, nilifanya kama mlivyoandika. Nimekosea wapi?"

Jamani, kama angenitukana ningelala usingizi siku ile.

Hakukosea popote, na yaliyompata hayana uchawi. Juu ya ngozi ya binadamu kuna asidi kidogo sana, pH yake ni karibu 5. Limau liko karibu na 2. Wale waliosinzia darasa la kemia nawakumbusha kwamba kila hatua moja ya kipimo hicho ni mara kumi, kwa hiyo hatua tatu ni mara elfu. Sukari nayo ina pembe kali, ukiisugua inachana ngozi michubuko midogo usiyoiona, halafu asidi inaingia humo. Baya zaidi ni kwamba limau na ndimu vina kemikali ambazo zikikutana na jua juu ya ngozi zinaiunguza. Yeye alijipaka asubuhi, akanawa harakaharaka, akaenda kusimama kituoni kusubiri daladala. Jua la Dar la Februari mnalijua.

Hiyo ni sehemu ya kwanza tu. Ngozi nyeusi ikiumia, iwe kwa chunusi, kwa moto au kwa ujinga wa mwandishi, chembe zinazotengeneza rangi zinashtuka na kumwaga rangi nyingi pale palipoumia. Kidonda kinapona kwa wiki, doa linabaki miezi, wakati mwingine zaidi ya mwaka. Makala niliyoitafsiri haikuwa na neno hata moja kuhusu hilo, na ningeshangaa kama ingekuwa nalo, maana haikuandikwa kwa ajili yetu.

Hata vipimo vya wataalamu vilianzia kwingine. Mwaka 1975 Thomas Fitzpatrick, daktari wa ngozi wa Harvard, alitengeneza kipimo cha jinsi ngozi inavyopokea jua, na awali kilihusu ngozi nyeupe. Ngozi za kahawia na nyeusi ziliongezwa baadaye, aina ya 5 na ya 6. Karibu bara zima, kuanzia Msomali hadi Mmakonde, tukaingizwa katika vyumba viwili vya mwisho. Na haya mafungu manne ya kurasa za urembo hayakutoka hospitali, yametoka dukani. Mmoja wa watu wa kwanza kugawa nyuso hivyo ni Helena Rubinstein, mzaliwa wa Poland, aliyeanza biashara ya krimu huko Australia mwanzoni mwa karne ya 20. Ukishamwambia mteja kuwa uso wake ni wa aina fulani, umeshamwandaa kununua kopo la aina hiyo. Simlaumu mama yule, alikuwa mfanyabiashara. Nawalaumu wanaojiita waandishi wa afya, nikiwemo mimi, tunaouza kopo lake bure.

Sisemi kwamba tofauti hazipo. Zipo, na kuzijua ni rahisi kuliko tunavyowafanya muamini. Nawa uso kwa sabuni isiyo kali, usipake kitu, kaa saa nzima, kisha bonyeza tishu safi kwenye paji, pua, kidevu na mashavu. Mafuta yakitoka kote, una ngozi ya mafuta. Yakitoka kwenye paji, pua na kidevu tu huku mashavu ni makavu, ndiyo mchanganyiko, na watu wengi wako hapo. Tishu ikibaki kavu na uso unabana kama umepakwa gundi, ni kavu. Basi. Huhitaji kumlipa mtu.

Ila jibu hilo si kabila lako hadi kufa. Mimi uso wangu hapa Dar unang'aa kama sufuria kufikia saa nne asubuhi. Nilipokwenda Njombe mwezi Julai kufuatilia kesi, siku ya tatu ngozi ilikuwa inapasuka puani na mhudumu wa nyumba ya wageni akanionea huruma, akanipa mafuta ya mgando. Mtu yuleyule, ngozi ileile, hewa tofauti. Umri nao unabadilisha, mimba inabadilisha, dawa zinabadilisha. Mafuta ya usoni yanaendeshwa zaidi na homoni kuliko na sabuni. Ndiyo maana yule anayenawa mara sita kwa siku kwa sabuni ya kufulia akitafuta "kukata mafuta" anaambulia uso unaowasha huku chunusi ziko palepale. Sabuni nyingi za kipande zina pH ya 9 au 10, zinakwangua ule utando unaozuia maji ya ngozi yasipotee. Kunawa asubuhi na jioni kunatosha, na mara nyingine ukitokwa jasho jingi.

Mwenye mafuta atumie losheni nyepesi, aache mafuta ya nazi kwa nywele maana usoni huziba vinyweleo na kuleta chunusi kwa wengi. Mwenye ukavu apake mafuta ya mgando au krimu yenye gliserini wakati uso bado una unyevu, kwa sababu mafuta ya mgando hayaleti maji, yanayafungia yaliyopo. Dawa ya meno ibaki kwenye meno. Mwenye madoa ajikinge na jua, kwa sababu jua linakoleza doa. Hapa kwetu losheni ya kuzuia jua tunaiona ni ya ndugu zetu wenye ualbino peke yao, ambao kwao ni suala la uhai, na huko Moshi, KCMC, inatengenezwa Kilisun mahsusi kwa ajili yao. Lakini hata sisi weusi tii wenye madoa inatuhusu, na kofia nayo haiuzwi bei mbaya.

Wanaume mnaocheka hapo, nawaona. Mnasema mambo ya uso ni ya akina dada, halafu kila Jumamosi mko saluni mnafanyiwa skrabu ya punje kali baada ya kunyolewa ndevu hadi kwenye shina, na juu yake mnapakwa spiriti, mnakunja uso mkidhani maumivu ndiyo usafi. Vile vipele vya shingoni na kidevuni si uchafu. Ni ndevu zetu za kujikunja zinazorudi kuchoma ngozi kwa ndani, na kadiri unavyonyoa chini ndivyo zinavyozidi. Acha ndevu kidogo, nyoa kwa mashine isiyogusa ngozi. Yamenipata, nimejifunza kwa taabu.

Turudi ofisini. Nilimpandia mhariri na samahani yenye maneno themanini, nikaomba ichapwe ukurasa uleule. Akaisoma, akanirudishia. "Bwana mdogo," akasema, "tuliandika ngozi ya mafuta. Wewe una uhakika gani kuwa yake ni ya mafuta?" Mnaona uzuri wa yale mafungu manne? Ushauri ukikubali, sifa kwetu. Ukiunguza mtu, basi alijiweka fungu lisilo lake. Nikamwambia limau litaunguza mafungu yote manne bila upendeleo. Hapo ndipo akasema jambo la kweli, kwamba chini ya ukurasa ule kuna tangazo la duka la vipodozi, na mwenye duka hatapenda kuona neno "kuungua" juu ya jina lake.

Hili la duka ndilo linaloniumiza kuliko limau lenyewe. Mnajua binti mwenye madoa meusi mashavuni anaelekea wapi? Haendi kwa daktari wa ngozi, kwa sababu hospitali nyingi za wilaya hazina. Anakwenda kwa shoga yake, na shoga yake anampeleka kwenye mkorogo. Tumezoea kuwacheka watu wa mkorogo, uso Fanta miguu Coca-Cola, tukidhani wote wanaona haya kuwa weusi. Wapo wa hivyo. Lakini kaa uwaulize ilianzaje, kama nilivyofanya mimi mwezi Machi kwa hasira zangu. Kati ya tisa waliokubali kuzungumza nami, sita walianza kwa kutaka kufuta madoa ya chunusi. Tisa si utafiti, najua. Lakini sita hao walinifungua macho.

Na mkorogo unafanya kazi, ndiyo hatari yake. Mwezi wa kwanza doa linafifia, uso unalainika, watu wanakusifia. Ndani ya kopo mara nyingi kuna steroidi, dawa kali ambazo daktari huziandika kwa siku chache na kwa ugonjwa maalumu. Ukizipaka miezi, ngozi inakonda hadi mishipa inaonekana, na ukiacha, uso unalipuka vipele kuliko mwanzo, kwa hiyo unarudi kwenye kopo. Au kuna haidrokwinoni, ambayo ikitumika muda mrefu inaweza kuleta weusi wa buluu usiofutika. Madaktari wa Afrika Kusini waliueleza ugonjwa huo tangu 1975. Au kuna zebaki, inayopenya ngozi na kuharibu figo. Mkataba wa Minamata ulipitishwa mwaka 2013, na nchi wanachama zikakubaliana baadaye vipodozi vyote vyenye zebaki viondolewe kufikia 2025. Hapa nchini vitu hivi vitatu vilipigwa marufuku kwenye vipodozi tangu enzi za TFDA, na tangu 2019 usimamizi wa vipodozi uko TBS. Nendeni Kariakoo mkaone marufuku inavyopangwa rafuni kwa bei ya jumla.

Kwa hiyo hesabu ni hii: ukurasa wetu unampa limau, limau linampa madoa, madoa yanampeleka dukani, na duka linalipia ukurasa. Sidhani kama kuna mtu alikaa akapanga hivyo. Lakini mimi nilikuwa kiungo mojawapo, na malipo yangu ya makala ile nilishayala.

Samahani iliyokataliwa nimeichapa hapa kwa kifupi: makala "Ifahamu ngozi yako" ilishauri limau na sukari usoni. Ushauri huo ni mbaya kwa ngozi ya aina yoyote. Aliyeungua aache kusugua, anawe kwa maji ya kawaida, apake mafuta ya mgando, akae mbali na jua, na aende hospitali kama kuna malengelenge au usaha. Mwandishi ni mimi. Mhariri ameshajua kuwa ninaichapa leo, na ameniita ofisini kwake Jumatatu saa tatu.

Yule binti tunawasiliana. Ngozi imefunga, madoa bado. Juzi usiku alinitumia ujumbe kuwa mwenzake wa bweni amempa krimu nzuri, nusu kopo, haina lebo, ina harufu ya waridi, na kwamba mwenzake huyo imemtakatisha kwa wiki mbili tu. Akauliza, "Kaka, hii nayo mnaionaje?" Nilimpigia palepale, simu ikaita hadi ikakatika. Nikamwandikia ujumbe mrefu, karibu wote mmeusoma hapo juu. Umeshafika, umesomwa, hajajibu.