Mtoto Asitolewe Nje kwa Shilingi Mia Tano

Wazazi wenzangu, Ijumaa iliyopita niliona jambo katika shule moja ya msingi ya serikali hapa wilayani kwetu, na siwezi kulinyamazia. Darasa la nne walikuwa kwenye mtihani wa wiki. Kibarazani walikaa watoto kadhaa wa darasa hilohilo, wamevaa sare, penseli mkononi. Hawakuchelewa, hawakufanya fujo. Walikosa shilingi mia tano ya karatasi. Binti mmoja alisimama dirishani, ananakili maswali ya mwenzake kwenye daftari ili naye ajipime. Mwalimu alipomwona akamfukuza, akimwambia anaibia.

Anaibia nini? Maswali yaliyotungwa kwa ajili yake?

Sababu za michango hii sote tunazijua. Madarasa yamefurika, walimu hawatoshi. Ruzuku ambayo shule zetu zilianza nayo elimu bila malipo mwaka 2016, shilingi 10,000 kwa mwanafunzi wa msingi kwa mwaka, ilikuwa ndogo tangu siku ile. Karatasi na wino havidondoki kutoka mbinguni. Lakini uhaba wa fedha haumpi mtu mzima ruhusa ya kumwaibisha mtoto wa miaka tisa mbele ya wenzake kwa umaskini wa baba yake.

Na hiyo mitihani yenyewe ni ya nini? Wa wiki, wa mwezi, wa muhula, moko ya kata, moko ya wilaya, moko ya mkoa. Baraza la Mitihani la Tanzania lenyewe liliacha mwaka 2023 kutangaza shule bora kitaifa. Kwetu bado shule zinapangwa kuanzia ya kwanza hadi ya mwisho, na mwalimu mkuu wa shule ya mkiani anaitwa kujieleza. Akirudi shuleni hasira zinamshukia mwalimu wa darasa, na mwalimu wa darasa anazimalizia kwenye makalio ya watoto. Kiboko kimoja kwa kila swali ulilokosa! Kanuni zinasema viboko visizidi vinne, vitolewe kwa idhini ya mwalimu mkuu na viandikwe kitabuni. Tena ni adhabu ya utovu wa nidhamu. Kutojua kugawanya ni utovu gani wa nidhamu?

Matunda ya shinikizo hili tumekwisha kuyaona. Mwaka 2022 zaidi ya watahiniwa 2,000 wa darasa la saba walifutiwa matokeo kwa udanganyifu. Watoto wa darasa la saba hawajipangii wizi wa mtihani peke yao. Hupangiwa na watu wazima wanaotaka takwimu nzuri. Viongozi mnaodai asilimia za ufaulu bila kuuliza mtoto amejifunza nini, lawama ni yenu. Na sisi wazazi tunaolipa kimyakimya na kugeuza uso mtoto wa jirani anapotolewa nje, lawama ni yetu pia.

Basi tuamke. Kikao kijacho cha wazazi asituwakilishe mtu; twende wenyewe, akina baba mkiwemo, si kuwaachia akina mama kila mara. Tudai mambo haya yaandikwe kwenye muhtasari: hakuna mtoto atakayenyimwa mtihani kwa sababu ya fedha, mapato na matumizi ya michango yabandikwe kwenye ubao wa matangazo, shilingi kwa shilingi, na mtihani wa wiki uandikwe ubaoni, watoto waujibu kwenye madaftari. Kazi ikisahihishwa irudi nyumbani, na Jumatatu mwalimu aanze na swali lililowashinda wengi. Mtihani usiorudi kwa mtoto haumfundishi kitu.

Kamati ya shule ikikataa, twende kwa Afisa Elimu Kata. Akitupiga chenga, twende kwa diwani, kisha halmashauri. Twende kwa wingi, kwa adabu, na kwa maandishi. Mwenye uwezo wa kununua rimu ya karatasi anunue kwa ajili ya darasa zima, si kwa mwanawe tu. Mzazi akiombwa hela ili mtoto "asaidiwe" kwenye chumba cha mtihani, akatae na aseme hadharani. Na jioni, tuwape watoto kitabu watusomee ukurasa mmoja. Tutajua mengi ambayo alama hazisemi.

Msingoje. Mwaka 2027 darasa la sita na la saba watamaliza pamoja, kwa mfumo mpya wa elimu. Tukifika huko na mazoea haya, mitihani itaongezeka, michango itaongezeka, na watakaokaa kibarazani watakuwa wengi zaidi. Nawasihi, wazazi wenzangu: hawa ni watoto wetu, shule ni zetu, na kodi inayoziendesha ni yetu. Tukutane kikaoni, na tusiondoke hadi tupate jibu.