Lawama za Bure Juu ya Jaa la Dandora

Nimechoka kuambiwa kwamba Nairobi ni chafu kwa sababu watu wake hawana ustaarabu. Uongo mtupu.

Jaa la Dandora lilianza kutumika mwaka 1975, kwenye machimbo ya mawe yaliyoachwa. Mwaka 2001 likatangazwa kuwa limejaa. Limejaa, lakini malori hayakukoma. Mlima ule umezidi kunenepa kwa zaidi ya miaka 20. Je, ni mwananchi gani aliyeamua hivyo?

Mwananchi akipewa amri iliyo wazi, hutii. Mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku Agosti 2017, tulirudia vikapu vyetu. (Wenye viwanda ndio waliokimbilia mahakamani.) Sheria ya mwaka 2022 nayo yataka tutenge taka zinazooza na zisizooza. Vyema, maana zaidi ya nusu ya taka zetu ni mabaki ya vyakula, yaani mbolea. Basi mimi hutenga: maganda ya viazi huku, chupa na makaratasi kule. Kisha linakuja lori, na vyote hutupwa humo kwa mkupuo mmoja! Simlaumu kijana anayebeba. Lori lenyewe lina tumbo moja.

Na hao wanaochakura jaani, tunaowaita chokoraa kwa dharau, ndio wanaookoa chupa, vyuma na karatasi wakauza kwa kilo, bila glavu wala mshahara. Siku nitakayoshtakiwa kwa kuchanganya taka, nitaomba mwenye lori asimame kizimbani kabla yangu.