Mti wa Siquijor na Jitu Lenye Jina la Kiarabu



Ndugu msomaji, miongoni mwa visiwa vya Ufilipino kimo kisiwa kidogo kiitwacho Siquijor. Wahispania walikiita Kisiwa cha Moto, na wenyeji husimulia kuwa jina hilo lilitokana na vimulimuli walioing'arisha miti yake usiku. Kila pwani ina kisiwa chake kinachotajwa kwa uganga na uchawi, na kwa Wafilipino kisiwa hicho ni Siquijor. Kila mwaka, katika juma linaloitangulia Pasaka ya Wakristo, waganga wa kienyeji hukutana huko kuchanganya dawa za mizizi na majani.

Kando ya barabara, katika wilaya ya Lazi, umesimama mti mkubwa ambao wenyeji wanaukadiria kuwa na umri wa miaka 400. Unaitwa balete. Mizizi yake inaning'inia kutoka matawini kama kamba za jahazi, na chini yake inabubujika chemchemi ambayo maji yake yamekusanywa katika kidimbwi. Wageni hulipa ada ndogo, wakaketi ukingoni na kutumbukiza miguu, na samaki wadogo wakaja kuwadonoa nyayo.

Balete ni wa ukoo mmoja na mkuyu na mtini. Aghalabu maisha yake hayaanzii ardhini. Ndege au popo hula tunda lake, kisha huiacha mbegu katika panda ya mti mwingine. Mche ukachipua huko juu, ukateremsha mizizi kidogo kidogo hadi ikagusa udongo. Miaka ikipita, mizizi hiyo hunenepa, ikasukana na kuuzingira mti mwenyeji pande zote, mpaka mwenyeji akafa na kuoza. Linalobaki ni shina la mizizi iliyosukwa, na katikati mna uwazi mithili ya chumba. Ukiutazama mti wa namna hiyo wakati wa magharibi, popo wakiruka na upepo ukilia katika uwazi ule, hutashangaa kwamba watu wameujaza hadithi.

Wafilipino wengi huamini kuwa balete ni makazi ya viumbe wasioonekana. Anayepita chini yake hutamka kwa sauti ya chini, "tabi-tabi po", yaani, "samahani, naomba kupita". Ni kama hodi yetu, ila inapigwa kwa mwenye nyumba asiyeonekana, ili asikasirike na kumtia mpita njia maradhi.

Msomaji wa tafsiri ya Suratul Jinn ataikumbuka desturi iliyo karibu mno na hiyo. Wafasiri wanaeleza kwamba Waarabu wa zama za ujahili, walipotua katika bonde wakati wa safari, walikuwa wakiomba ulinzi kwa bwana wa majini wa bonde lile. Qur'ani imetufahamisha kuwa jambo hilo halikuwapa usalama wowote, bali liliwazidishia madhila. Uislamu haukukanusha kuwepo kwa majini. Ulichokikata ni kuwaomba. Bi Khawla bint Hakim (R.A.) ndiye aliyetupokelea kutoka kwa Mtume (S.A.W.) dua ya mtu anayetua mahali: ajikinge kwa maneno ya Allah yaliyotimia kutokana na shari ya alivyoviumba, naye hatadhurika mpaka aondoke hapo. Hodi imebaki, lakini sasa inapigwa kwa Mwenye bonde, mti na jini.

Miongoni mwa wakazi wa balete wanaotajwa, yuko mmoja anayetuhusu sisi watu wa pwani. Ni jitu refu, jeusi, lenye manyoya mwilini, linaloketi juu ya tawi usiku na kuvuta tumbaku. Wazazi wamelitumia kwa vizazi vingi kuwatisha watoto ili wasitoke nje. Jina lake ni kapre.

Neno hilo halikuzaliwa Ufilipino. Asili yake ni neno la Kiarabu "kafir". Wareno walipofika katika Bahari ya Hindi, nasi tunajua kuwa walitia nanga pwani yetu mwaka 1498, waliwasikia wafanyabiashara Waislamu wakiwaita hivyo Waafrika wasiokuwa Waislamu. Wakaligeuza likawa "cafre", na halikuwa tena neno la dini, bali jina la mtu mweusi. Wahispania waliuteka mji wa Manila mwaka 1571, na kuanzia 1580 hadi 1640 Ureno na Uhispania zilikuwa chini ya mfalme mmoja. Wafanyabiashara wa Kireno wakapeleka watumwa Manila, na miongoni mwao walikuwamo Waafrika, wakiwemo wa upande wa Msumbiji. Waliandikwa kwa jina hilohilo. Katika ndimi za wenyeji, ambazo hazikuwa na sauti ya "f", cafre akawa kapre.

Basi tafakari, ndugu yangu. Mtu aliyetenganishwa na mama yake, akavushwa bahari na kuuzwa ugenini, hatujui hata kaburi lake. Jina alilobandikwa ndilo lililodumu, nalo limekwea mtini likawa zimwi la kutishia watoto. Na neno lenyewe lilianzia katika vinywa vya watu wa dini yetu.

Mwenyezi Mungu (S.W.T.) ametukataza katika Suratul Hujurat kudharauliana na kuitana kwa majina mabaya. Tusidhani katazo hilo ni la watu wa mbali. Majirani zetu wa Kaya waliitwa Wanyika, watu wa porini, mpaka wao wenyewe wakashika jina la Mijikenda katika miaka ya 1940. Na mpaka leo, katika baadhi ya nyumba zetu, msichana aliyetoka bara kuja kutufulia na kutupikia husikia neno "mshenzi" likitamkwa mbele ya watoto. Mtoto akikataa kula, huambiwa ataitiwa yule mzee mweusi anayepita na gunia. Mzee yule anatafuta riziki yake ya halali. Sisi tunamfanya kapre.

Mama mwenzangu, mtoto hahitaji zimwi ili arudi nyumbani mapema. Mtume (S.A.W.) alituamrisha tuwazuie watoto ndani usiku unapoingia, na akatueleza sababu: mashetani huenea wakati huo. Mwambie mwanao hivyo, kwa upole na bila kumtia kiwewe. Mfunze dua ile ya Bi Khawla aisome akipita chini ya mbuyu, na umweleze kuwa mti ule ni kiumbe kama yeye, unaomsabihi Mola wake, hauombwi wala hautukanwi. Kisha umpe mche aupande uani, kwani Mtume (S.A.W.) ametubashiria kuwa tunda litakaloliwa na ndege au mtu huandikwa sadaka kwa aliyeupanda.

Na siku mzee wa gunia atakapopita, mtoto huyo na amwamkie kwa shikamoo, ampelekee maji ya kunywa.

Wabillahi tawfiq.