Meza ya Chama Ndiyo ya Kwanza

Akina mama, mkutanapo Jumapili kwa chama, ni nini huwekwa mezani? Chai ya maziwa yenye sukari tele, mandazi, chapati. Kisha mwenzetu akisema anataka kupunguza unene, twamcheka kwamba watu watadhani bwanake hamlishi!

Mwaka 1961, huko Queens, New York, Jean Nidetch alikuwa na kilo 97 hivi. Chakula alichoagizwa na kliniki alikijua. Kilichomshinda ni biskuti alizokula kwa siri. Akawaita rafiki zake sita nyumbani, akawatobolea siri hiyo. Kumbe nao walikuwa na zao! Wakaendelea kukutana kila wiki, na mwaka 1963 kampuni ya Weight Watchers ikazaliwa.

Nanyi anzeni na meza hiyo ya chama: matunda, na chai bila sukari. Nyumbani mafuta yapimwe, kwani kijiko kikubwa kimoja kina kalori zipatazo 120, nasi twamimina tu. Sukuma wiki iongezwe, ugali upunguzwe. Nusu kilo kwa wiki yatosha. Mjamzito asijiunge, mwenye kisukari amwone daktari kwanza.

Mizani isisomwe kwa sauti. La kusemwa wazi ni yale mandazi yaliyoliwa saa nne usiku, watoto wamelala.