Mahafali Yameisha, Mshenga Anabisha Hodi

Kina baba wa Bariadi, hebu tuambizane ukweli. Mahafali ya kidato cha nne shule za wasichana yananoga, hakuna ubishi: mashada shingoni, pilau, soda, mama na mashangazi wanapiga vigelegele mpaka sauti zinakauka. Lakini mtihani wenyewe ni Novemba, matokeo hutoka Januari! Tunashangilia goli hata mpira haujaanza.

Balaa liko hapo katikati. Binti yuko nyumbani, jembe mkononi kwenye pamba, na washenga wameshaanza kuhesabu ng'ombe. Sheria iliyorekebishwa mwaka 2016 inatoa kifungo cha miaka 30 kwa anayemwoa mwanafunzi, basi wajanja wanasubiri avue sare. Eti wajanja!

Sasa sikia, mzee mwenzangu. Kidato cha tano huanza Julai, na msimu wa kuuza pamba hufunguliwa Mei. Hela ya tranka, godoro na nauli ndiyo hiyo, ilimradi usiipitishe kilabuni kwanza. Mshenga akija Desemba mpe kiti, mpe maji, muulize habari za mvua. Ng'ombe arudi nao.