Tusiicheke Baiskeli

Hapa Kindu wako watu wanaoona haya kupanda baiskeli. Husema: «Hicho ni chombo cha maskini, maendeleo ni motokari na pikipiki.» Maneno hayo ni ya uongo, na yuko mtu aliyeuonyesha uongo huo zamani, lakini tumemsahau.

Jina lake Ivan Illich. Alizaliwa Vienna mwaka 1926, akapata upadre mwaka 1951, kisha akafundisha Cuernavaca, nchi ya Meksiko. Mwaka 1969 aliacha kazi za upadre. Labda ndiyo sababu Wakristo wengi hawamsomi. Lakini je, dawa hukataliwa kwa sababu ya kikombe?

Mwaka 1971, intaneti haijajulikana, aliandika kwamba kompyuta zitumike kukutanisha watu wanaotaka kujifunza jambo moja. Na katika kitabu cha mwaka 1974 alipiga hesabu ya Mmarekani na motokari yake. Saa za kuiendesha na saa za kufanya kazi ili ailipie, jumla 1,600 kwa mwaka. Safari zake, kilomita 12,000 hivi. Basi ni kilomita 7 na nusu kwa saa. Mwenye baiskeli humpita!

Sasa tupige hesabu yetu. Kijana anapewa pikipiki na tajiri. Kila jioni lazima amletee fedha alizopangiwa. Mafuta amekwisha kununua, na tairi likipasuka ni juu yake. Pikipiki inakimbia, lakini yeye analala palepale alipoamkia. Nani anampanda mwenzake? Yule anayesukuma baiskeli yenye bidoni za mawese hutoka jasho jingi, sikatai. Lakini chombo ni chake, na faida ni ya watoto wake.

Mtaniuliza: «Mama mwenye uchungu wa kuzaa, naye apelekwe hospitali kwa baiskeli?» La! Kwake pikipiki na ikimbie. Illich hakukataa kila mashine. Alikataa ile inayomgeuza mwenyewe kuwa mtumwa, na barabara inayotengenezwa kwa wachache wenye haraka, huku wengi wakisukumwa mferejini.

Kwa hiyo wakubwa wakija kutuahidi barabara, tuwaulize: njia ya baiskeli iko wapi? Na mzazi anayetaka kuuza baiskeli ili mwanawe achukue pikipiki ya mkopo, kwanza ashike kalamu. Asihesabu kilomita tu. Ahesabu na saa za maisha ya mwanawe.