MBEGU ISIYO STAKABADHI



Msimu huu alitujia mwenzetu mmoja wa Pemba, mpunga wake umemtia hasara. Mbegu aliinunua kwa mchuuzi aliyeshuka bandari bubu, ndani ya mfuko usio na jina. Mpunga uliota, lakini nusu ulikuwa mrefu na nusu mfupi. Huu umeiva, na ule haujachanua. Tulipomwuliza stakabadhi hakuwa nayo. Basi amdai nani?

Jambo hili twalileta mbele yenu kwa kuwa ni kubwa kuliko bonde moja la mpunga. Siku hizi ziko mbegu zilizobadilishwa vinasaba. Yaani wataalamu wamezitia sifa ambayo hazikuwa nayo, ili mmea uwashinde wadudu au ustahamili dawa ya magugu. Mkarafuu wa namna hiyo haumo sokoni. Walakini sisi twauza karafuu, hatushibi kwa karafuu. Tupandacho tukala ni mpunga, muhogo na mahindi.

Januari 2021 Wizara ya Kilimo ya Tanzania ilisimamisha majaribio ya mbegu hizo Bara. Jirani zetu wa Kenya wameshika njia nyengine: pamba ya namna hiyo walianza kuilima 2020, na Oktoba 2022 Serikali yao ikaondoa marufuku ya 2012 juu ya vyakula hivyo, mambo yakafika mahakamani. Baina ya Pemba na mwambao wao pana bahari ndogo, na sote twaijua njia ile, kwani ndiyo iliyopitisha karafuu za magendo miaka mingi. Njia itokayo karafuu usiku yaweza kuingiza mbegu usiku.

Tazameni yaliyotokea Bara Hindi, wanunuzi wa karafuu zetu tangu zama za wazee. Mwaka 2001, huko Gujarat, funza wa vitumba waliila pamba, lakini mashamba mengine yakabaki mazima. Yalipochunguzwa, kumbe yamepandwa mbegu iliyobadilishwa vinasaba, iliyouzwa bila ya idhini. Ikatoka amri pamba ile iteketezwe, wakulima wakapinga. Machi 2002 Serikali ikaruhusu rasmi pamba ya namna ile. Sheria ilifika nyuma ya mbegu. Wala magendo hayakwisha: mwaka 2019 wakulima wa Maharashtra walipanda hadharani mbegu nyengine isiyoruhusiwa, istahamiliyo dawa ya magugu.

Tusijifanye watakatifu. Mkarafuu wenyewe ulitolewa kwa siri visiwa vya Maluku mwaka 1770, watu wa Mfaransa Pierre Poivre walipowazunguka Waholanzi wakaupeleka Mauritius. Na kutoka visiwa vya upande ule ndipo ukatufikia sisi. Kwa hiyo hatusemi kila mbegu mpya ni sumu, wala hatusemi ni dawa. Tusemalo ni hili: apandaye ajue apandacho. Mahindi yakishachavusha shamba la jirani, hayarudi tena mfukoni.

Kwa wenye mamlaka twaomba bandari bubu zilindwe dhidi ya mbegu kama zilindwavyo dhidi ya magendo ya karafuu, na kila mfuko uuzwao uwe na jina la mbegu, mahali ilikotoka na mwenye kuiuza. Khasa twaomba adhabu imwangukie muuzaji na mwenye chombo, si mkulima aliyedanganywa. Mkulima akiogopa kushtakiwa atanyamaza, na akinyamaza, mchuuzi atarudi msimu ujao.

Na ninyi, Wanachama, msinunue kwa sababu ya urahisi wa bei tu. Nunueni kwa muuzaji ajulikanaye, daini stakabadhi, na wekeni mfuko pamoja na konzi moja ya mbegu mpaka mvune. Mwenye kuuziwa mbegu asiyoielewa aje chamani mapema; hataaibishwa. Wazee walisema, mali bila daftari hupotea bila khabari. Mwenzetu wa Pemba amepoteza msimu mmoja. Haifai kisiwa kizima kijifunze kwa hasara kama yake.